Nilivyowapikia Waliokuja Kuzika Kuku Wangu

Watu kumi na mmoja waliingia kwangu na majembe asubuhi ya Jumanne, wakaua kuku wangu ishirini na tisa, wakawazika nyuma ya mibuni. Walipomaliza walinawa mikono kwa sabuni mara mbili, wakaketi kivulini, wakangoja chakula. Nami niliwapakulia. Mmoja wao nilimuuliza hata kama chumvi imetosha.

Ni zaidi ya mwaka sasa, na nikilikumbuka swali hilo la chumvi, mwili hunichemka. Mwizi akikuingilia unajua la kufanya: unapiga kelele. Lakini mtu akija kukusaidia, amebeba jembe lake mwenyewe, ameacha shamba lake kwa ajili yako, unampigia kelele ya nini?

Ili hasira hii ieleweke, lazima nijieleze kidogo, na maelezo yenyewe hayanipi sifa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi hapa Kangundo kupumzika kidogo kabla ya kutafuta kazi, na mapumziko hayo hayajaisha. Mwenye kazi ni mke wangu. Yuko katika ofisi ya kiwanda upande wa Syokimau, amepanga chumba huko, hurudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Mimi huku napika, nafua, natazama mibuni, nafuga kuku. Mara ya mwisho kufika Nairobi nilikwenda kung'olewa jino, na sijaona sababu ya kurudi kwa kuwa meno mengine hayajalalamika.

Kuku walikuwa wa kienyeji, wa kuzurura. Kulikuwa na mmoja aliyekataa kutaga popote isipokuwa ndani ya beseni la mke wangu la kufulia. Jumamosi nguo zilingoja mpaka yeye amalize shughuli zake. Mwingine alinifuata chooni kila asubuhi, akasimama mlangoni kama mlinzi. Jogoo alikuwa mwoga kunishinda: akisikia pikipiki, anakimbilia chini ya meza. Niliwajua kwa miguu na kwa sauti. Mke wangu alikuwa akisema kwamba kama ningemtazama yeye hivyo hata nusu, wangetuita kanisani tuwafundishe wachumba.

Jina la Baba Kuku nilipewa na mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji. Ni mama wa rika la mama yangu, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Misimu miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, kideri kiliingia kwake kikafagia kuku wote kwa wiki moja. Kilitoka kwa jirani aliyejua kuku wake ni wagonjwa na akanyamaza. Tangu hapo mwenyekiti alikuwa hawezi kusikia kuku akipiga chafya bila kusimama. Hilo nalijua, na ndilo linalonizuia kumchukia sawasawa.

Basi, Jumamosi moja, binti wa dada yangu akaja. Anafanya kazi maabara huko Nairobi, msichana mpole mwenye miwani, ananiita anko. Alifika na mwenzake wa kazi, wakiwa na gari, vichupa na masanduku mawili ya barafu, kuomba damu ya kuku wa kikundi chetu. Walikuwa wanachunguza mafua ya ndege. Aliponiambia hivyo nilikuwa namenya viazi, nikaacha.

"Kwa hivyo umeniletea ugonjwa hapa?"

"Aiya, anko! Hata huko kazini sisi hatuugusi. Kirusi chenyewe ni hatari, kinataka maabara ya kufungwa kila mahali. Sisi tunatengeneza kile cha bandia."

"Mnatengeneza ugonjwa bandia."

"Tunatengeneza koti." Alivuta kigoda akaketi, akachukua kisu changu, akaendelea na viazi. "Kirusi cha mafua ya ndege kiko na koti lake, na hilo koti ndilo linakifungulia mlango wa mwili. Sisi tunachukua koti peke yake, tunalivalisha kirusi kingine kinyonge, kile hakiwezi kuzaa. Kikiingia ndani ya chembe ya mwili kinawasha taa kidogo, mashine inaiona, basi. Kimeisha."

"Na damu ya kuku wangu inaingia wapi?"

"Tunachukua yale maji yanabaki juu damu ikitulia. Tunayachanganya na hicho kirusi bandia. Kama kuku aliwahi kupigana na mafua, damu yake iko na kingamwili zinajua lile koti. Zinalishika. Kirusi kinabaki nje, taa haiwaki. Na koti linabadilika-badilika kila wakati, anko, ndio maana tunataka kujua ni damu gani inazuia koti gani."

Nilielewa kwa njia yangu. Mtu amevaa koti la askari wa kaunti lakini hana rungu, hana kazi, hana hata viatu. Ukiwa na mbwa anayelijua koti hilo, hafiki mlangoni. Ukiwa huna, anaingia na kukuwashia taa ya sebuleni, halafu hajui afanye nini tena. Nilimweleza binti hivyo, akacheka mpaka akajikata kidole.

Kuku wa wanakikundi wengine walikuwa wamefungiwa vibandani, wakatolewa damu mchana. Wangu walikuwa mashambani, na kuku wa kuzurura humkamati ila jioni akirudi mwenyewe kulala. Kwa hiyo yule mwenzake wa kazi akaondoka na gari na damu ya wengine katika sanduku moja, binti akabaki kulala kwetu. Jioni nikamshikia kuku kumi, mmoja mmoja, bawa limeinuliwa, naye akachoma sindano pale kwenye mshipa mdogo wa chini. Walitulia mikononi mwangu. Nilijiona mtu muhimu sana.

Akanipa vile vichupa kumi. "Anko, weka hizi kwa friji. Chini, pale pa mboga. Sio juu."

Sasa sikilizeni akili ya mtu wa nyumbani. Kwetu stima hupotea ikisikia upepo tu. Ikipotea, kilichoko chini ya friji kimeoza kabla ya asubuhi, lakini kilichoko juu, kwenye barafu, hudumu. Nyama ya Krismasi hukaa juu. Siagi ya mke wangu hukaa juu. Hakuna mtu aliyenifundisha, nimejifunza kwa kutupa vyakula. Nikajiambia: huyu mtoto ni wa maabara, ya friji ya Kangundo atayajulia wapi? Nikaviweka juu, katikati ya nyama na mfuko wa njegere.

Asubuhi nilivikuta vigumu kama kokoto. Nikavihamishia chini haraka, binti asije akaona kwamba sikufuata maagizo, na alipomaliza chai na kuagana na kila mtu, vilikuwa vimeyeyuka. Damu ilikuwa bado nyekundu. Nilijipongeza.

Baada ya siku chache akapiga simu. "Anko, yale maji ya damu za kuku wako ni mekundu sana. Yanafaa kuwa ya manjano. Uliziweka wapi?"

"Kwa friji."

"Chini?"

"Si ulizitoa chini mwenyewe?"

"Ndiyo. Sawa basi."

Uongo wangu wote ulikuwa katika swali hilo moja, na haukuwa na neno hata moja la uongo.

Wiki ya pili, Jumatatu, nilikuwa nyuma ya jikoni nikitwanga mahindi ya muthokoi, yatoke maganda. Mwenyekiti alikuwa amekuja kurudisha ungo, akaketi kunitania kuhusu jinsi ninavyoshika mchi. Simu ikalia, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na pumba, niliiweka juu ya kigoda na kufungua spika.

"Anko, uko peke yako?"

"Niko na mwenyekiti. Sema."

"Basi nitapiga baadaye."

"Sema, binti. Hapa hakuna siri."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu mama huyo aliyekuwa akinicheka asikie kwamba nina mtu maabara. Kama kuna siku ningepewa nafasi ya kuirudia, nisingetaka siku ya harusi yangu. Ningetaka dakika ile, nizime spika.

Binti akavuta pumzi. "Sampuli zako zote kumi zimezima taa. Za wenzako zote zinawaka. Lakini anko, hilo bado si jibu. Taa inaweza kukosa kuwaka kwa sababu nyingine. Tumeanza jaribio la pili, tunatumia kirusi bandia kingine chenye koti tofauti kabisa, la ugonjwa ambao kuku hawezi kuujua. Kama hilo nalo litazimwa, shida si mafua, ni damu yenyewe. Jibu ni Ijumaa. Daktari wa mifugo ameambiwa, amesema mtu asifanye kitu kwanza, uwafungie tu wasitoke. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Mwenyekiti alikuwa amesimama tayari. "Mimi pia nimesikia," akasema.

"Mwaitu, amesema Ijumaa," nikamwambia. Mwaitu ni mama yangu, ndivyo tunavyowaita wanawake wa rika lake kwa heshima.

"Nimesikia Ijumaa. Nimesikia na kumi kwa kumi. Kuku wangu walikufa wangapi kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa? Wewe ulikuwepo, ulinisaidia kuwachoma."

"Wangu hawakohoi. Hawajaharisha. Njoo uwaone, wanakula kama wabunge."

"Hata wa yule jirani yangu walikuwa wanakula." Alichukua kanga yake, akajifunga vizuri kama mtu anayekwenda kazini. "Baba Kuku, wewe ni mtu mzuri lakini ni mzembe, na huwezi kuua kuku hata wa Krismasi, mke wako ndiye huchinja. Usijali. Tutakuja kukusaidia kesho."

Hapo ndipo niliposhikwa. Kwetu kuna mwethya. Mtu akiwa na kazi iliyomshinda, majirani huja na majembe wakamchimbia matuta, wakampalilia, wakamjengea. Hulipi kitu. Ila usiwafukuze, na usiwaache waondoke na njaa. Mwethya ulinichimbia shimo la choo. Mwethya ulimzika baba yangu. Mtu anayewafungia lango watu wa mwethya hatakuwa na mtu siku yake, na kila mtoto wa hapa analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Jioni nikampigia mke wangu.

"Funga lango," akasema mara moja.

"Ni mwethya."

"Mwethya wa kuua? Tangu lini? Wewe, nisikilize. Leo ni Jumatatu. Siku nne. Mwambie huyo mama angoje siku nne."

"Nimemwambia."

"Umemwambia ama umemnong'onezea?"

Nikamuuliza kama amekula.

"Basi angalau usiwapikie," akasema, akakata.

Binti sikumpigia. Nilijua angesema nini, na nilijua kwamba nikishasikia akisema, itabidi nisimame langoni. Hiyo ndiyo sababu, na haina sababu nyingine iliyojificha nyuma yake.

Walifika asubuhi, wamevaa barakoa zilizobaki tangu wakati wa korona na glavu za kunyunyizia dawa ya kahawa. Wanaume walikwenda kuchimba shimo. Mwenyekiti alisimama karibu na kibanda. Kuku walikuwa bado ndani, wanasikia nyayo zangu, wanapiga kelele za kutaka kufunguliwa kama kila siku. Mtu mmoja alijaribu kuingiza mkono, jogoo akamdonoa, wote wakaanza kupigapiga mabawa.

"Baba Kuku," mwenyekiti akasema, si kwa utani, "wanakujua wewe. Ukiwatoa wewe hawataogopa."

Niliwatoa. Niliingiza mkono, nikawatoa mmoja mmoja, nikawapa watu. Wa beseni alikuwa wa nne. Yule wa chooni nilimshika kwapani kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine, mpaka mtu akanyoosha mikono na kusema "lete" kwa upole. Walifanya kazi safi, siwezi kuwasingizia. Hakuna aliyecheka. Walimwaga chokaa juu, wakashindilia udongo, mmoja akapanga mawe.

Halafu nikaingia jikoni. Muthokoi ulikuwa umeiva, maana nilikuwa nimeuinjika mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, nikijiambia kwamba sijaamua. Nilikaanga vitunguu. Nilitia kunde. Nikatoa sahani nzuri. Watu wakala. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, kwa kuwa kwenye mwethya mwenye boma huchinja kuku, akachungulia sufuria na kuuliza:

"Leo hakuna nyama?"

Halafu mtu akatoa kicheko kama kikohozi, akafuatwa na mwingine, na mwisho wote walikuwa wakicheka huku wameinamia sahani kwa aibu. Mimi pia nilicheka. Nakwambia nilicheka! Ndipo nikamgeukia mwenzangu aliyekuwa karibu nikamuuliza kuhusu chumvi.

Mke wangu aliniuliza neno moja tu kwenye simu. "Uliwapikia?" Nikamwambia ulikuwa muthokoi tu, akasema kesho yake ana kazi nyingi.

Ijumaa, binti akapiga. Sauti yake ilikuwa imechangamka. "Anko, habari njema! Taa imezimwa hata kwa lile koti lingine. Kwa hivyo si mafua. Damu iliharibika tu, inaua hata zile chembe tunazofanyia kazi. Tunahitaji damu mpya. Naweza kuja kesho jioni wakirudi kulala?"

"Hawarudi."

"Wameenda wapi?"

Nilimwambia. Nikasikia anajaribu kulia bila sauti, na simu ni chombo kibaya sana kwa jambo hilo, unasikia kila kitu.

"Damu huharibikaje?" nikamuuliza.

"Mara nyingi ni ikigandishwa mapema, kabla hatujatenga yale maji. Chembe zinapasuka, ndio wekundu unakuja. Ama ipate joto." Akapenga kamasi. "Ni mimi, anko. Lile sanduku langu labda halikuwa na barafu ya kutosha njiani. Niliona wekundu na bado nikaziweka kwenye jaribio, kwa sababu nilijua jioni yote ulinishikia kuku. Ni mimi."

Nilikuwa nimeshika simu, macho yangu yanatazama friji. Nikamwambia, "Usijilaumu sana." Maneno hayo niliyasema. Halafu nikatoka nje, mtu ambaye hatoki, nikapanda kilima mpaka kwa mwenyekiti bila hata kubadilisha ndara, nikasimama katikati ya uwanja wake nikapiga kelele ambazo nilipaswa kupiga Jumanne. Nilimwita mwuaji. Nilimwambia siku tatu zilimshinda kungoja, mwanamke aliyesubiri barabara ya lami miaka thelathini. Nilimwambia hakuja kunisaidia mimi, alikuja kuwalipizia kuku wake waliokufa. Watoto wa shule walisimama kwenye ua kunitazama. Alisikiliza yote akiwa ameshika ndoo. Mwisho akasema, "Ni kweli," akaingia ndani.

Ningependa kusema nilirudi nyumbani nimepungukiwa na hasira. Iliongezeka. Kila kelele niliyoipiga kule kwake ilikuwa na kipande kinachonirudia mimi, na nilikuwa najua kipande gani.

Wiki tatu zilipita. Mwenyekiti akapanga mwethya mwingine, wa kunirudishia: kila mwanakikundi alete kuku mmoja, na binti aje kutoka Nairobi aelezee watu. Ilikuwa Jumamosi, mke wangu yuko. Asubuhi akaniona nimeketi, jiko baridi.

"Hupiki leo?"

"Sipiki."

"Umechelewa kwa mwethya mmoja," akasema, lakini na yeye hakuwasha moto.

Watu wakaja, kila mmoja na kuku wake amefungwa miguu. Wakawalaza kivulini, kumi na mmoja, wa kila rangi. Binti akasimama mbele. Alikuwa amevaa sketi ndefu na ameshika karatasi. Alieleza habari ya koti na taa, kwa urahisi, watu wakaelewa. Kisha akasema kwamba kosa lilikuwa lake. Alisema sanduku lake la barafu halikuwa sawa, na kwamba kwa sababu hiyo kuku wa anko wake walikufa bure, na anaomba msamaha kwa kikundi kizima, na kazini ameeleza hivyo hivyo kwa maandishi.

Hilo la maandishi sikulijua.

"Ni uongo," nikasema. Nilikuwa nimesimama. Sauti ilitoka kali, kana kwamba nagombana na yeye. "Sanduku lake halina shida. Niliweka damu kwenye barafu pamoja na nyama. Aliniambia chini, mimi nikaweka juu. Asubuhi nikaishusha ili asijue."

Mke wangu alijishika mdomo, kwa sababu nyama hiyo tuliila.

"Nilikuuliza, anko," binti akasema. Hakupaza sauti. "Nilikupigia simu nikakuuliza."

"Uliniuliza."

Mwenyekiti akajinyanyua polepole. "Ngoja. Ulikuja kwangu, ukaniita mwuaji mbele ya watoto wa shule, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nimekaa wiki tatu sili vizuri! Nimewazungusha watu hawa wote wakuletee kuku! Na ulikuwa unajua!"

"Na wewe ulisikia Ijumaa!" nikamjibu, na hapo tukaanza, sauti yake na yangu, mbele ya kikundi chote. Yeye akisema friji, mimi nasema siku tatu. Yeye akisema mwongo, mimi nasema kama ungengoja, uongo wangu ungeua vichupa kumi tu. Hilo lilimnyamazisha. Kwa kweli lilininyamazisha na mimi, kwa kuwa lilikuwa kweli kwa pande zote mbili na halikumwokoa yeyote kati yetu.

Binti ndiye aliyemaliza. Aliomba daftari la kikundi, akamwekea mwenyekiti mapajani, akamwambia aandike kwamba hakuna kuku wa mwanakikundi atakayeuawa kabla majibu yote mawili hayajafika na daktari wa mifugo hajamwona. Mwenyekiti aliandika akibonyeza kalamu mpaka ikatoboa karatasi. Tukatia sahihi wote. Sahihi yangu ni mbaya siku zote, siku hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilifikiria tu kwamba mstari ule mmoja ungeweza kuandikwa Jumatatu ile, kwa muda wa kupoa kikombe cha chai.

Mwenyekiti akamchukua kuku wake, mweusi mwenye shingo tupu, nikadhani anaondoka naye. Akamweka miguuni pangu.

"Huyu nimemleta kwa sababu nilikosa," akasema. "Hasira yangu narudi nayo nyumbani."

Waliondoka na njaa, wote kumi na mmoja. Binti aliondoka nao, akiwa amembusu mke wangu na kunipa mimi mkono.

Kuku hao niliwafungia siku mbili wazoee. Siku ya tatu niliwafungulia, na yule wa shingo tupu hakuangalia hata mahindi. Alipita chini ya ua akaelekea kilimani, kwao. Nilimfuata. Nilimkuta amesimama katika uwanja wa mwenyekiti, ule ule niliopigia kelele, na mwenyekiti akiwa mlangoni na ungo wa maharagwe.

Hatukusalimiana. Nilimkimbiza kuku kuzunguka nyumba mara mbili, na yeye hakuinua hata mguu kunisaidia, mpaka nikamkamata kwenye kona ya zizi nikiwa nahema.

"Mfunge mguu na kamba wiki nzima," akasema akiwa anatazama maharagwe. "Huyo ni mkaidi."

"Najua kufunga kuku."

"Najua unajua."

Nikamtia kwapani, nikashuka. Sikuaga.